Auguste Piccard: Profesa aliyeipigia bahari hesabu kabla ya kuzama

KISIWA cha Mombasa kimezungukwa na maji yasiyofanana. Upande wa Makupa, ambako leo magari hupita juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022, maji ya zamani yalikuwa haba kiasi kwamba wakati wa kupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara hadi kisiwani. Kwa sababu hiyo Wareno walijenga vingome mahali hapo, wakihofia adui asiyehitaji hata mtumbwi.

Upande wa pili wa kisiwa hali ni kinyume kabisa. Wenyeji walipaita Kilindini, yaani penye kilindi, na jina hilo ni onyo tosha kwa anayelielewa. Meli kubwa za makontena huingia humo bila kugusa chini.

Mnamo Septemba 29, 2019, Wakenya walifahamu maana ya jina hilo kwa uchungu. Gari lililokuwa na mama na bintiye liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na kuzama. Ilichukua hadi Oktoba 11 kulitoa, kwani lilikuwa limelala katika kina cha mita 58. Hapo shinikizo la maji na hewa iliyo juu yake ni karibu mara saba ya lile tulilozoea nchi kavu. Umati uliosimama ufuoni siku baada ya siku uliona jinsi mita hizo chache zilivyowatesa wapiga mbizi waliofunzwa.

Sasa na tuzidishe kina hicho mara 188. Hapo ndipo alipofika mwana wa mtu ambaye maisha yake yanasimuliwa katika makala hii, akiwa ndani ya chombo kilichobuniwa na babake. Mtu huyo ni Profesa Auguste Piccard, Mswisi aliyeaga dunia mwaka 1962, na ambaye kanuni zake ndizo zinazofuatwa hadi leo na wahandisi wanaounda nyambizi za utafiti kwa madini ya titaniamu.

Wengi humkumbuka Piccard kama shujaa asiyeogopa kitu. Kumbukumbu hiyo haimtendei haki. Alikuwa na woga wa aina moja, woga wa kuingia ndani ya chombo ambacho hakijapigiwa hesabu na kujaribiwa, na woga huo ndio uliomfanya afe kitandani akiwa mzee wa miaka 78.

Pacha wa Basel

Auguste Piccard alizaliwa Januari 28, 1884, katika mji wa Basel, Uswisi, pamoja na pacha wake Jean. Baba yao, Jules Piccard, alikuwa profesa wa kemia katika chuo kikuu cha mji huo, na watoto hao walikua katika nyumba ambamo mizani na chupa za maabara vilikuwa vitu vya kawaida. Jean alifuata kemia. Auguste alichagua uhandisi wa mitambo na baadaye fizikia katika chuo cha ufundi cha Zurich.

Akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mjini Zurich, kitabu kimoja kiliangukia mikononi mwake, na kitabu hicho kina uhusiano na pwani yetu. Mwandishi wake alikuwa Carl Chun, Mjerumani aliyeongoza safari ya kisayansi ya meli Valdivia kati ya mwaka 1898 na 1899. Valdivia ilizunguka Afrika, ikateremka hadi kwenye barafu za kusini, ikapanda tena kupitia Bahari ya Hindi, na mnamo 1899 ikatia nanga Dar es Salaam. Iliendelea kutupa nyavu katika vilindi vya Afrika Mashariki kabla ya kurejea kwao.

Katika nyavu hizo walipanda samaki na ngisi wa ajabu, wengine wakiwa na taa zao wenyewe mwilini. Lakini mara walipofikishwa sitahani taa hizo zilififia na viumbe wakafa. Kijana Piccard aliona kwamba kuendelea kuwavuta viumbe hao juu wakiwa mizoga si njia ya kuwajua. Ilifaa binadamu ashuke akawaone makwao.

Alianza kupiga hesabu wakati uleule. Kabati la kuingia baharini lenye kuta nene za kutosha lingekuwa zito mno lisiweze kupanda tena. Jibu alilolipata ni kulitundika kabati hilo chini ya chombo kikubwa kilichojaa kitu chepesi kuliko maji, kama vile kikapu kinavyotundikwa chini ya puto. Zaidi ya miaka 40 ingepita kabla wazo hilo halijalowa maji ya bahari.

Kupanda kwanza, kushuka baadaye

Mwaka 1922 Piccard aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia mjini Brussels, Ubelgiji. Wakati huo wanafizikia walikuwa wakibishana kuhusu miale inayoijia dunia kutoka anga za mbali. Ili kuipima vyema, ilibidi vipimo vipelekwe juu ya sehemu kubwa ya hewa. Huko juu hewa ni chache mno, na mtu asiye na kinga hupoteza fahamu na kufa.

Wengine walifikiria kutumia mavazi maalumu. Piccard aliamua kuwafungia abiria ndani ya tufe la alumini lisilopitisha hewa, lenye upana wa takriban mita 2 na ukuta wa milimita 3.5 tu, na kulitundika chini ya puto kubwa la haidrojeni. Gharama zililipwa na mfuko wa taifa wa utafiti wa Ubelgiji, ambao herufi zake, FNRS, ziliandikwa kwenye puto hilo.

Alfajiri ya Mei 27, 1931, Piccard na msaidizi wake Paul Kipfer waliondoka ardhini mjini Augsburg, Ujerumani. Vichwani walivaa vikapu vilivyowekwa mito ndani ili viwakinge wakigonga ukuta. Watu walicheka, lakini vikapu hivyo vilikuwa sehemu ya mahesabu yake kama ilivyokuwa alumini.

Haukupita muda wakasikia hewa ikifyonzwa nje. Kulikuwa na tundu mahali chombo kimoja cha vipimo kilipopenya ukutani. Piccard alikuwa amebeba mchanganyiko wa nyuzi na mafuta mazito ya vaselini, akaushindilia katika ufa hadi mlio ukakoma. Fundi yeyote wa majahazi wa Mji wa Kale angeitambua kazi hiyo mara moja. Ni kalafati, pamba na mafuta yanayozibwa kati ya mbao ili jahazi lisivuje. Kalafati ya Piccard ilifanywa mahali ambapo kuchelewa kidogo kungekuwa mauti.

Walifika mita 15,781, juu kuliko binadamu yeyote aliyewahi kufika. Kisha kamba ya kufungulia gesi ikakwama, wakashindwa kushuka. Jua liliupasha moto upande wa tufe uliopakwa rangi nyeusi, joto ndani likapanda, na maji ya kunywa yakaisha hadi wakaramba matone yaliyojikusanya ukutani. Jioni, gesi ilipopoa, puto liliteremka lenyewe na kuwatua juu ya barafu ya mlima wa Gurgl, Austria. Magazeti ya Ulaya yalikuwa yameanza kuwahesabu miongoni mwa wafu.

Mwaka uliofuata, Agosti 18, 1932, alipanda tena kutoka Dübendorf, Uswisi, pamoja na Max Cosyns na kupita mita 16,000. Baada ya hapo aliwaachia wengine mbio za kutafuta rekodi. Alikuwa amethibitisha kwamba tufe lililofungwa vyema linaweza kumhifadhi mtu mahali pasipofaa uhai, na sasa alitaka kuligeuza wazo hilo juu chini.

Adui anayesukuma kwa ndani

Inafaa msomaji aelewe tofauti kati ya kazi hizo mbili, kwani ndiyo kiini cha habari yenyewe. Angani, hewa iliyo ndani ya tufe husukuma kuta kwenda nje, na nguvu yake haiwezi kuzidi shinikizo moja la hewa. Baharini, maji husukuma kuta kwenda ndani, na kila mita 10 za kushuka huongeza shinikizo jingine kama hilo. Katika kina cha mita 10,900, kila eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, yaani sentimita moja mraba, hubeba uzito unaozidi tani moja.

Umbo ndilo silaha ya kwanza. Yai ni jepesi na ganda lake ni jembamba, lakini ukilibana sawasawa kwa kiganja kizima halipasuki kwa urahisi, kwa kuwa kila sehemu ya ganda hugawana mzigo na jirani yake. Tufe ndilo umbo kamili la ugawaji huo. Bomba refu la mviringo, lenye upana na unene uleule, hupata mkazo maradufu ya tufe. Kwa hiyo anayetaka nafasi ya kuwapakia abiria wengi na kuchagua umbo la bomba, hana budi kulipa kwa unene.

Hatari ya pili ni kubonyea. Ukuta unaosukumwa kwa ndani hausubiri hadi ukatike. Ukiwa na kasoro ndogo, mahali palipo bapa kidogo au pembamba kidogo, mzigo huanza kuelemea hapohapo na tufe lote hujikunja kwa kufumba na kufumbua. Hivyo uimara wa chombo cha kilindini hautegemei chuma peke yake. Hutegemea pia usahihi wa duara lenyewe.

Kabla ya Piccard, Wamarekani William Beebe na Otis Barton walikuwa wameshuka mita 923 karibu na visiwa vya Bermuda mnamo 1934. Tufe lao la chuma lilining'inizwa kwa waya kutoka kwenye meli. Piccard aliiheshimu kazi hiyo, lakini waya huo ulimtia wasiwasi. Ukikatika, hakuna njia ya kurudi, na kadiri unavyorefushwa ndivyo unavyoelemewa na uzito wake wenyewe.

Chombo chake hakingekuwa na waya. Alikiita bathiskafu, jina alilolitunga kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kina na chombo. Juu kulikuwa na tangi kubwa la petroli, ambayo ni nyepesi kuliko maji na haibonyei kama hewa. Chini yake lilitundikwa tufe la feleji, yaani chuma cha pua. Farumi ilikuwa vipande vidogo vya chuma vilivyozuiwa na sumaku za umeme. Umeme ukizimika kwa ajali yoyote, sumaku huachia, farumi humwagika na chombo hupanda chenyewe.

Hapo ndipo busara ya Piccard inapoonekana. Alijua mitambo huharibika, akapanga mambo ili uharibifu uwarudishe watu juu badala ya kuwazamisha.

Hata vidirisha vilifuata mawazo hayo. Kioo cha kawaida hupasuka kikikazwa mahali pamoja. Yeye alitumia plastiki ngumu angavu, akaikata kwa umbo la pia iliyoondolewa ncha, upande mpana ukitazama bahari. Kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo kidirisha kinavyozidi kukaa imara katika tundu lake, kama kizibo kinachoshindiliwa chupani.

Kicheko cha mwaka 1948

Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha ujenzi, na ni mwaka 1948 tu ambapo chombo cha kwanza, FNRS-2, kilifikishwa katika bahari ya visiwa vya Cape Verde, magharibi mwa Afrika. Tufe lake lilikuwa na upana wa mita 2 ndani na ukuta wa sentimita 9.

Mnamo Oktoba 26, Piccard na mwanasayansi Mfaransa Théodore Monod walishuka mita 25 karibu na kisiwa cha Boa Vista. Siku chache baadaye, Novemba 3, chombo kilitumwa mita 1,380 bila mtu ndani. Tufe lilirudi salama. Lakini bahari ilichafuka kabla petroli haijaondolewa, mawimbi yakalipigapiga tangi jembamba na kuliharibu kabisa.

Wanahabari waliokuja kushuhudia rekodi waliondoka na hadithi ya mzee wa miaka 64 aliyetumia fedha za umma kushuka kina cha mpiga mbizi. Alidhihakiwa katika magazeti. Wachache walitambua kwamba jaribio muhimu lilikuwa limefaulu, yaani tufe lilikuwa limeshuka peke yake, likabanwa na kurudi zima. Iwapo lingekunjika, hakuna familia ambayo ingevaa nguo nyeusi.

Tufe hilo lilichukuliwa na jeshi la wanamaji la Ufaransa, likawekewa tangi jipya na kuitwa FNRS-3. Piccard alikuwa mshauri wa mradi huo, lakini mambo hayakwenda vizuri kati yake na maafisa, naye hakuwa tena na sauti kuhusu chombo alichokizaa. Februari 15, 1954, Wafaransa Georges Houot na Pierre Willm walikishusha hadi mita 4,050 karibu na Dakar, Senegal.

Baba na mwana

Aliyemwinua tena ni mwanawe Jacques, aliyezaliwa mwaka 1922 na kusomea uchumi. Masomo yake yalimfikisha Trieste, mji wa bandari kaskazini mwa Italia, na wakuu wa mji huo wakavutiwa na wazo la bathiskafu. Viwanda vya Italia vilichangia vifaa na kazi. Tufe jipya lilifuliwa katika kiwanda cha chuma cha Terni, na chombo kikapewa jina la mji uliokifadhili.

Trieste iliteremshwa baharini Agosti 1953. Baba na mwana walianza kwa mita chache tu bandarini, wakaongeza kidogo, wakapita mita 1,000 karibu na kisiwa cha Capri, na hatimaye Septemba 30, karibu na kisiwa cha Ponza, wakafika mita 3,150. Auguste Piccard alikuwa na umri wa miaka 69. Chombo kilizama katika tope laini la chini hata vidirisha visionyeshe kitu. Mwanafunzi aliyetamani kuwaona samaki wenye taa alifika kilindini, akakuta giza.

Hakuna dalili kwamba alijutia jambo hilo. Chombo kilishuka, kikabanwa, kikapanda, na hayo ndiyo aliyoyaahidi.

Mwaka 1958 jeshi la wanamaji la Marekani liliinunua Trieste na kuagiza tufe jingine imara zaidi kutoka kiwanda cha Krupp, Ujerumani. Ukuta wake ulikuwa na unene wa sentimita 12.7 na tufe lenyewe lilikuwa na uzito wa tani 13 hivi. Januari 23, 1960, Jacques Piccard na Luteni Don Walsh walikitumia kushuka hadi chini kabisa ya Shimo la Mariana katika Bahari ya Pasifiki, kina cha mita 10,916.

Safari ya kushuka ilichukua karibu saa tano. Njiani ulisikika mshindo uliotikisa chombo chote. Kidirisha cha njia ya kuingilia, nje ya tufe, kilikuwa kimepasuka. Tufe lenyewe halikuguswa, nao wakaendelea. Kwa mujibu wa vipimo vyake, tufe hilo lilikuwa likibanwa kutoka pande zote kwa uzito wa zaidi ya tani 150,000.

Mzee Piccard alikuwa amebakisha siku tano kutimiza miaka 76. Aliishi miaka miwili zaidi, akafariki mjini Lausanne Machi 24, 1962. Pacha wake Jean, aliyekuwa amehamia Marekani na kupata sifa zake mwenyewe katika maputo, alifuata mwaka 1963. Mjukuu wa Auguste, Bertrand, aliizunguka dunia kwa puto bila kutua mwaka 1999. Na wasomaji wa vibonzo vya Tintin wamemwona Auguste bila kumjua, kwani mchoraji Hergé alimtumia kama kielelezo cha profesa wake msahaulifu, baada ya kumfupisha ili aenee katika picha. Piccard halisi alikuwa mrefu karibu mita 2.

Kutoka feleji hadi titaniamu

Kasoro ya bathiskafu ilikuwa ukubwa. Tufe zito la feleji lilihitaji tangi la zaidi ya lita 80,000 za petroli ili lielee, na chombo kizima kilikuwa kama meli isiyoweza kugeuka upesi. Watafiti walihitaji kitu chepesi kinachoweza kubebwa na meli, kushushwa asubuhi na kupandishwa jioni.

Titaniamu ilileta jibu. Uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa chuma, na ikichanganywa na alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4 huwa na nguvu ya kushindana na feleji nyingi bora. Tena haili kutu katika maji ya chumvi. Tufe likiwa jepesi, tangi la petroli halihitajiki, na mahali pake huwekwa povu gumu lenye vichembe vya kioo vilivyo na uwazi ndani.

Nyambizi ya Marekani, Alvin, ilianza kazi mwaka 1964 ikiwa na tufe la feleji. Mwaka 1973 ilipewa la titaniamu na uwezo wake ukaongezeka hadi mita 3,600. Tangu 2022 imeruhusiwa kushuka mita 6,500. Shinkai 6500 ya Japani, iliyoundwa mwaka 1989, ina tufe la titaniamu lenye upana wa mita 2 ndani na ukuta wa milimita 73.5. Mwaka 2019 Mmarekani Victor Vescovo alifika chini ya Shimo la Mariana ndani ya tufe la titaniamu lenye ukuta wa milimita 90, na mwaka 2020 Wachina watatu wakafika huko ndani ya Fendouzhe, ambayo pia ni ya titaniamu.

Titaniamu si uchawi. Ni ghali, ni ngumu kuichonga na kuiunganisha, na kila kuzama huibana na kila kupanda huiachia, hadi mchoko unapoingia katika chembe zake. Kwa hivyo matufe hayo hukaguliwa na kuhesabiwa safari, na kabla ya kupewa watu hujaribiwa katika matangi ya shinikizo linalozidi lile litakalokutwa baharini.

Anayepuuza hayo hulipa. Juni 18, 2023, chombo kiitwacho Titan kilikunjika kikielekea kwenye mabaki ya meli ya Titanic, yaliyo katika kina cha takriban mita 3,800, na watu wote watano waliokuwa ndani wakafa papo hapo. Ncha zake mbili zilikuwa za titaniamu na ziliokotwa zikiwa na umbo lake. Lakini katikati, ili kupata nafasi ya abiria, palikuwa na bomba la nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na chombo hakikuwa kimepewa cheti na shirika lolote la ukaguzi. Ripoti ya walinzi wa pwani wa Marekani iliyotolewa Agosti 2025 ilisema maafa hayo yangeweza kuzuiwa.

Bomba badala ya tufe. Kitu kinachochoka bila kuonyesha, badala ya kile ambacho tabia yake inajulikana. Abiria ndani badala ya chombo kitupu. Yote hayo Piccard alikuwa ameyajibu katika maji ya Cape Verde mwaka 1948, siku alipochekwa.

Sisi wa pwani hatuko mbali na habari hii. Kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024 mchanga wenye madini ya titaniamu ulichimbwa Kwale na kupakiwa melini Likoni, karibu na pale gari lilipozama mwaka 2019. Sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta, na kiasi kidogo tu hufanywa chuma. Mashimo yamebaki Kwale na mchanga umekwenda. Kenya haina nyambizi hata moja ya utafiti wa vilindi, ilhali bahari iliyo mbele ya Mombasa huteremka maelfu ya mita.

Wazee husema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nyavu za Valdivia ziligusa vilindi vya pwani hii mwaka 1899, na zilichokileta juu kilimtosha mwanafunzi mmoja wa Zurich kwa kazi ya maisha yake yote. Siku mtoto wa Makupa atakaposhuka kuvitazama mwenyewe, yaelekea atakuwa amekaa ndani ya tufe, nyuma ya kidirisha chenye umbo la pia, na juu ya farumi inayomwagika yenyewe umeme ukizimika. Na kabla yake, tufe hilo litakuwa limeshuka na kurudi likiwa tupu.